Bodi ya Chopa Ilipokataa Kufunga: Uchambuzi wa Kisa cha Modeli ya Huey, Skeli ya 1/48 (ndogo mara 48 kuliko chopa halisi)

Kisa hiki kinahusu modeli moja ya helikopta ya plastiki iliyojengwa Dodoma mjini kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Septemba. Majina, mtaa, mwaka na kampuni iliyotengeneza boksi vimeondolewa. Vipimo vimebaki kama vilivyoandikwa kwenye daftari la kazi. Aliyejenga tunamwita mjenzi: kijana aliyekwisha kumaliza modeli nne za ndege za mabawa, ila hajawahi kugusa chopa.

Usuli: chopa yenyewe, boksi na meza ya kazi

Huey ni jina la utani la Bell UH-1, lililotokana na herufi za jina lake la kwanza jeshini, HU-1. Aina iliyokuwa kwenye boksi ni UH-1H, yenye kabini ndefu, milango mikubwa ya kusukuma pembeni, pangaboi kuu lenye panga mbili, na pangaboi la mkia lililokaa upande wa kushoto. Pangaboi kuu la chopa halisi lina kipenyo cha futi 48, kwa hiyo kwenye skeli ya 1/48 linatoka futi moja kamili, yaani milimita 305. Hii ni bahati nzuri kwa anayejenga, maana rula ya shule inatosha kuhakiki kama panga zimekatwa sawasawa.

Moldi ya boksi hili, yaani kalibu inayofinyanga vipande vya plastiki, ilikuwa ya zamani. Dalili zake zilionekana mapema: ribiti zilizoinuka badala ya kuzama, ndevu nyembamba za plastiki kwenye kingo, na upande wa ndani wa bodi kulikuwa na chunusi, vile vidoa vya mviringo vinavyoachwa na sindano za moldi zinaposukuma kipande kitoke. Bodi ilikuja nusu mbili, kushoto na kulia, kila moja ikianzia puani hadi ncha ya mkia. Sakafu, ukuta wa nyuma wa kabini, viti na dashibodi hujengwa kama kisanduku kimoja kisha hubanwa katikati ya nusu hizo. Paa, kioo cha mbele na vioo viwili vya kidevuni, vile vya chini ya pua, huja mwisho.

Mpangilio huo ndio unaoitofautisha chopa na ndege ya mabawa. Kwenye ndege ya kivita chumba cha rubani ni kidogo na bodi ni bomba. Ukikosea nusu milimita ndani, bomba linajikaza na kukusamehe. Chopa kama Huey ni chumba chenye madirisha. Theluthi ya mbele ni vioo na milango, na kila kioo kina ukubwa wake usiobadilika. Chumba kikipanuka, hakuna kioo kitakachokubali kupanuka nacho.

Meza ilikuwa chumbani, karibu na dirisha. Julai na Agosti Dodoma ni miezi mikavu yenye upepo na usiku wa baridi. Vumbi jekundu hupenya hata dirisha lililofungwa. Vifaa vilikuwa vya kawaida: gundi nyembamba ya plastiki yenye brashi, supa gluu, nyembe, msasa namba 240 hadi 2000 kutoka duka la rangi za magari, pati ya magari yenye hadina yake (dawa ya kuifanya ikauke), raba bendi, vibanio vya nguo, na gundi nyeupe ya makaratasi. Kalipa, kifaa cha kupimia unene, haikuwepo.

Kilichotokea: wiki tatu za kubana

Mjenzi alifuata karatasi ya maelekezo hatua kwa hatua. Alijenga kisanduku cha kabini, akakipaka rangi ya kijivu mikono mitatu (tabaka tatu) pamoja na kingo zake, akakigandisha kwenye nusu ya kushoto kwa supa gluu sehemu nne. Vioo viwili vya kidevuni navyo akaviweka kwa supa gluu, kutokea ndani. Kisha akaleta nusu ya kulia.

Haikufunga. Mkia na pua vilikutana, lakini katikati, pale kwenye ukuta wa nyuma wa kabini, palibaki mwanya. Jaribio kavu, yaani kuunganisha bila gundi, lilikuwa halijafanyika kwa kisanduku na nusu zote mbili kwa pamoja. Lilifanyika kwa nusu tupu peke yake, na hapo zilifunga vizuri kabisa.

Uamuzi wa siku hiyo ulikuwa kubana. Mkia uliunganishwa kwa gundi nyembamba. Tumbo liliunganishwa kwa supa gluu kwa sababu inashika upesi, likazungushiwa raba bendi sita na vibanio vitatu. Mgongo, nyuma ya paa, ukafungwa kwa gundi nyembamba huku vidole vikikandamiza. Supa gluu ilichelewa kushika, mjenzi akaongeza matone. Asubuhi raba bendi zikatolewa na bodi ikabaki imefungwa. Daftari la siku hiyo lina neno moja: "Imekubali."

Siku zilizofuata matatizo yakaanza kujitokeza moja moja, na kila moja likatibiwa kivyake. Paa lilikaa na nyufa pande zote mbili, zikajazwa pati. Kioo cha mbele kiliacha nafasi kushoto na kulia. Mjenzi akapanga kuijaza baadaye. Tumbo lilikuwa na ngazi, upande mmoja juu kuliko mwingine. Pati tena, msasa tena. Mlango wa kushoto ulionekana mfupi. Modeli ilipotazamwa kutoka nyuma, ncha ya pezi la mkia ilikuwa imeegemea kulia karibu milimita 2.

Siku ya sita baada ya kubana, pati ya tumboni ilipasuka katikati ya mstari wa muungano, ufa mwembamba kama unywele wenye urefu wa sentimita 4. Ikachokonolewa, ikajazwa upya. Siku tatu baadaye ikapasuka palepale.

Kwa fundi wa bodi

Mjenzi alipeleka modeli kwa mzee anayenyoosha bodi za magari, ambaye ndiye aliyemuuzia ile pati, akidhani hadina ilikuwa kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeniletea chopa ya kampeni?"

Mzee hakuiangalia pati. Aliishika modeli kwa mikono miwili, akaweka dole gumba juu ya mgongo na vidole chini ya tumbo, akabana taratibu. Ufa ulifunga. Akaachia, ufa ukafunguka.

"Hadina haina kosa, kijana wangu. Pati haishiki chuma kinachotaka kwenda. Humo ndani kuna kitu kinasukuma."

Jaribio hilo la dole gumba lilichukua sekunde tano, na lilipaswa kufanywa siku ya kwanza. Ufa unaofunguka na kufunga kwa kubonyezwa ni ufa wenye mkazo nyuma yake. Usiocheza ni upungufu tu wa plastiki, na huo ndio unaojazwa.

Kupima kwa karatasi

Pasipo kalipa, mjenzi alitumia karatasi ya fotokopi. Karatasi ya A4 ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1, hivyo vipande vilivyopangwa juu ya kimoja huwa kipimo: ongeza kimoja kimoja mpaka kikwame, kisha hesabu. Nyufa za paa ziliingiza karatasi nne upande mmoja na tano upande mwingine. Jumla milimita 0.9. Kwenye kioo cha mbele zilikuwa tatu kila upande.

Kwa macho milimita 0.9 ni kitu kidogo. Zidisha kwa 48: ni zaidi ya sentimita 4 kwenye chopa halisi, mwanya unaopitisha vidole viwili.

Nyufa za paa ndizo zilizotoa siri. Paa lingekuwa limekatwa vibaya, pengo lingekuwa sawa kwa urefu wote. Hili lilikuwa pana zaidi nyuma, pale paa linapopita juu ya ukuta wa kabini, likipungua kuelekea puani. Tumbo lilikuwa vilevile: ufa mpana zaidi ulikuwa chini ya ukuta huohuo. Na pezi lililoegemea? Bodi iliyotanuliwa katikati huku ncha zake zikiwa zimefungwa hujikunja, na kama msukumo si sawa pande zote mbili, mkia hugeuka nao. Matatizo matano yaliyokuwa yameandikwa kwenye kurasa tano za daftari yalikuwa tatizo moja.

Uamuzi: kufungua, na kuishia wapi

Njia tatu zilikuwepo. Ya kwanza, kuacha mkazo na kuimarisha muungano kwa ndani. Haikuwezekana, maana ndani hapakufikika. Ya pili, kupanua paa na kioo vifuate bodi. Paa lingewezekana, kioo hapana: ukanda wa plastiki ungeongeza fremu ya pembeni na sura nzima ya uso wa Huey ingeharibika. Ya tatu ni kufungua bodi.

Ilichaguliwa ya tatu, kwa sharti kwamba mkia usiguswe. Muungano wa mkia ulikuwa mzuri, plastiki yake ni nyembamba, na gundi nyembamba ilikuwa imeyeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja. Wembe ungekata hadi milimita 15 nyuma ya ukuta wa kabini na kuishia hapo. Gharama ya sharti hili ilijulikana tangu mwanzo: kama mkia ulikwisha kujikunja wakati gundi inakauka, sehemu ya kosa ingebaki.

Modeli iliwekwa kwenye friza ya friji kwa saa mbili, ndani ya mfuko uliofungwa ili isipate unyevu. Supa gluu ikipoa sana huwa ngumu na huvunjika kwa pigo kama kioo; tumbo liliachia kwa mlio mmoja mkavu, na kisanduku cha kabini kikang'oka pointi zote nne bila kuvunjika. Mgongo haukujali baridi, kwa kuwa gundi ya plastiki haigandishi bali inaunganisha plastiki kwa plastiki. Ulikatwa kwa wembe, kwanza kwa mgongo wa wembe kuchimba mfereji juu ya mstari uleule, kisha kwa makali. Kazi ya saa moja na nusu, na ilikula takriban milimita 0.2 za plastiki.

Bodi ilipofunguka ilionekana pia kwamba kioo cha kidevu cha kulia kilikuwa na ukungu mweupe kwa ndani. Supa gluu hukauka kwa kutumia unyevu wa hewani. Kwenye hewa kavu ya Julai huchelewa, na anayeongeza matone ili iwahi huongeza mvuke unaotafuta pa kutua. Chumba kilichofungwa chenye vioo ni mahali pake hasa.

Milimita 0.9 zilitoka wapi

Kabla ya kupunguza chochote, kila chanzo kilipimwa peke yake. Hapa ndipo kazi ilipofanywa kwa akili zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki.

Chunusi za ndani ya bodi zilikuwa zimeinuka karibu karatasi moja na nusu kila upande, na mbili kati yake zilikaa mahali hasa ukuta wa nyuma unapogusa. Hizo ni 0.3. Rangi kwenye kingo za ukuta, mikono mitatu iliyopakwa kwa brashi nzito, ilikuwa 0.1 kila upande: 0.2. Iliyobaki, 0.4, ilikuwa ya ukuta wenyewe, mpana kuliko nafasi yake.

Hesabu hii ina maana kwa sababu inapanga kazi. Chunusi na rangi hazistahili kuwepo, hivyo huondolewa kwanza bila kufikiri mara mbili. Nusu ya tatizo zima ilimalizika hapo, kwa wembe uliopindwa kidogo kati ya vidole kukwangua chunusi na kwa msasa namba 400 kuondoa rangi ya kingo. Ukuta ulipunguzwa 0.2 tu kila upande. Mtu angeanza na ukuta angekata 0.9 yote kutoka kipande kimoja, na mashimo ya kushikia mikanda na viti yangesogea ukingoni.

Ukuta ulisuguliwa kwa msasa namba 240 uliobandikwa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, ili kingo zibaki zimenyooka. Misuguo kumi upande mmoja, kumi upande wa pili, kisha jaribio kavu. Jaribio lilifanywa mara kumi na moja.

Kipimo cha jaribio ndicho kilichobadilika. Safari hii nusu mbili hazikufungwa tupu, bali pamoja na kisanduku ndani, paa juu, na kioo cha mbele kikiwa kimeshikwa kwa tepu ya makaratasi. Kioo hakipunguzwi wala hakiongezwi, kwa hiyo hicho ndicho kinachoamua upana wa bodi, na vingine vyote vinakifuata.

Kosa la pili, dogo

Kwenye jaribio la tisa paa lilikaa. La kumi, mjenzi akaongeza misuguo michache "kwa usalama". La kumi na moja, nusu za bodi ziliingia ndani kuliko kioo: kioo kilitokeza puani karatasi tatu zaidi ya bodi.

Dawa yake ilikuwa kipande cha fremu, yaani kile kijiti cha plastiki kinachobeba vipande kwenye boksi, kikakatwa na kuwekwa kama boriti nyuma ya dashibodi, mahali pasipoonekana. Kilikatwa kirefu kidogo na kusuguliwa mpaka kioo na bodi vikawa usawa mmoja. Mwili uliozidi wembamba hutanuliwa kwa boriti ya dakika tano; uliozidi upana ulichukua wiki tatu. Ndiyo maana ukiwa na shaka, ni afadhali kisanduku cha ndani kilegee.

Kufunga upya

Safari hii muungano uliwekewa vilimi kwa ndani, vipande vidogo vya kushikia nusu mbili, na plastiki yake ilitoka kwenye kikombe cha mtindi. Si kila kikombe kinafaa: chenye namba 6 ndani ya alama ya pembetatu kitakoni ni polistairini, plastiki ileile ya modeli. Chenye namba 5 hakishikwi na gundi hii hata kidogo. Kuhakikisha, tone la gundi nyembamba liliwekwa pembeni na kuachwa dakika moja. Plastiki ikilainika na kunata, ndiyo yenyewe. Vilikatwa vilimi vya milimita 5 kwa 8, vikabandikwa ndani ya nusu moja kila baada ya milimita 20, nusu yake ikitokeza kupokea upande wa pili.

Pengo la 0.2 lililoliwa na wembe mgongoni lilijazwa uji wa plastiki: vijipande vya fremu ileile vilivyoachwa usiku kucha ndani ya kichupa cha gundi nyembamba mpaka vikawa kama uji wa mtoto. Uji huu ni bora kuliko pati kwenye muungano, kwa kuwa ukikauka unakuwa plastiki na hupigwa msasa kwa kasi moja na sehemu ya jirani. Ubaya wake ni uvivu. Unasinyaa kwa siku mbili hadi tatu, na anayeupiga msasa kesho yake ataona mfereji umerudi wiki ijayo.

Bodi ilifungwa kwa awamu. Mgongo kwanza, kisha saa mbili za kusubiri. Tumbo, saa mbili nyingine. Pua mwisho, kioo kikiwa kimeshikwa kwa tepu bila gundi. Kwenye hewa kavu gundi nyembamba hupotea kabla haijatambaa ndani ya mstari, kwa hiyo ilipakwa sentimita 3 kwa wakati mmoja, feni imezimwa na dirisha limeachwa wazi kidogo. Kulifunga kabisa si busara: mvuke wa gundi hii unaumiza kichwa na unashika moto. Raba bendi mbili zilitosha. Idadi hiyo ndiyo kipimo cha haraka cha afya ya muungano: zikihitajika sita, kuna kitu ndani.

Msasa ulisubiri saa 48. Namba 600 kwa maji, kisha 1000, kisha praima ya kijivu ya kupuliza ili kuona mstari uliobaki. Ulionekana sehemu mbili tumboni, ukaguswa kwa uji na kurudiwa. Ribiti zilizofutika kando ya mstari zilirudishwa kwa vitone vya gundi nyeupe kwa ncha ya kijiti cha meno, tumboni tu zikaachwa.

Vioo

Kioo cha kidevu chenye ukungu kilisuguliwa kwa ndani, kabla ya bodi kufungwa, kwa dawa ya meno nyeupe na pamba ya masikio. Kilirudi karibu chote. Kona moja, pana kama punje ya mchele, iko nyuma ya pedali za rubani, pamba haikufika.

Kioo cha mbele kiliachwa na ufa wa karatasi mbili, na huo haukuhitaji zaidi ya gundi nyeupe iliyotembezwa kwa kijiti chenye maji na kufutwa kwa kitambaa kibichi. Gundi hiyo haina mvuke wa kutia ukungu, na ikikosewa huoshwa kwa maji. Kabla ya kufunga, vioo vyote vilifutwa kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Kioo cha plastiki kikisuguliwa kwa kitambaa kikavu hubeba umeme tuli na kuvuta vumbi, na vumbi jekundu likibaki ndani ya kabini ya Huey linaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Miguu

Miguu ya kuteleza ya Huey ni mabomba mawili marefu yaliyounganishwa na matao mawili. Modeli ilisimama kwa pointi tatu. Mguu wa kulia mbele ulining'inia karatasi tisa juu ya meza. Mguu ulikuwa umepinda tangu kwenye boksi, na huenda safari kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam ilichangia.

Kawaida mguu kama huu huzamishwa kwenye maji yanayochemka na kunyooshwa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wakati polistairini hulainika karibu na nyuzi 100. Maelekezo ya sekunde 10 hayakutosha. Ilichukua kama sekunde 40, kisha mguu ukashikwa umenyooka kwenye kioo kwa tepu na kumwagiwa maji baridi. Ulihitaji kurudiwa mara moja.

Matao yaliunganishwa juu ya kioo hichohicho chenye karatasi ya grafu chini yake, bodi ikiwa imeegemezwa kwenye vitabu ili paa liwe usawa, gundi ikakauka usiku mzima bila uzito wa modeli kuikalia.

Matokeo

Modeli ilikamilika wiki ya pili ya Septemba. Nyufa za paa zilitoka jumla ya 0.9 hadi chini ya 0.1. Tumbo halijapasuka tena, hata baada ya kuachwa juu ya kabati kwa joto la Oktoba na Novemba. Pezi limepungua kuegemea kutoka milimita 2 hadi 0.8, na halikushuka zaidi. Hilo ndilo deni la kutougusa mkia. Mlango wa kulia uliwekwa wazi. Wa kushoto ulifungwa na kuongezewa ukanda mwembamba ukingo wa chini, si wa juu, kwa sababu mstari wa juu wa mlango unakaa sambamba na paa na jicho huukimbilia.

Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine si kubana, ingawa kubana ndiko kulikoharibu. Kosa ni jaribio kavu lililofanywa kwa vipande visivyo sahihi. Nusu mbili tupu zikifunga zinathibitisha kwamba moldi ya nje ni nzima, basi. Hazisemi lolote kuhusu kinachoingia ndani. Kwa chopa, jaribio lenye maana ni la vipande visivyopungua vitano kwa pamoja: nusu mbili, kisanduku, paa na kioo cha mbele. Linahitaji mikono mingi kuliko miwili, hivyo tepu, na subira ya robo saa.

Rangi kwenye kingo ni kosa dogo lenye adhabu kubwa. Kingo zitakazogusana hufunikwa kwa tepu au hukwanguliwa, na si kwa sababu ya unene tu: gundi ya plastiki haiyeyushi plastiki iliyo chini ya rangi, kwa hiyo muungano wenyewe huwa dhaifu. Mjenzi aliokolewa hapa na kosa lingine. Angekuwa amekigandisha kisanduku kwa gundi nyembamba kwenye plastiki safi, kama inavyoshauriwa, friza isingekitoa. Supa gluu, iliyokuwa chaguo baya kwa tumbo na baya zaidi kwa vioo, ndiyo iliyofanya marekebisho yawezekane. Wapo wajenzi wanaoshikiza kisanduku kwa vitone viwili vya supa gluu kwa makusudi, mpaka paa na kioo vikubali, ndipo wanapitisha gundi nyembamba. Ni mazoea mazuri, mradi vitone viwe mbali na kioo chochote.

Kufungua kulikuwa uamuzi sahihi, na sharti la mkia lilikuwa sahihi pia, ingawa lina ubishi. Kuna hoja kwamba pezi lililopinda kwa 0.8 linaonekana kwa anayetazama kutoka nyuma, na kwamba mkia ungekatwa nyuma ya kabini, ukazungushwa kidogo na kuunganishwa upya kwa kijiti cha ndani. Ingewezekana. Lakini mkia wa Huey ni mwembamba na wa duara linalopungua. Mkato mmoja usionyooka hubadilisha mwelekeo wake juu, chini na pembeni kwa wakati mmoja, na mjenzi hakuwa na msumeno zaidi ya wembe.

Pati ya magari haikuwa na hatia. Ilitumika mahali si pake. Ni ngumu, haina mnyumbuko, na kwenye plastiki nyembamba ikiwekwa nene hupasha joto inapokauka. Kwenye modeli hii imebaki sehemu moja, kishimo cha kusinyaa juu ya jalada la injini, na hapo imekaa vizuri.

Kitu ambacho hakikutatuliwa ni mlango wa kushoto. Ulionekana mfupi kwa nusu milimita wakati bodi imetanuka, na baada ya bodi kurekebishwa bado ulipungua 0.3, kwa hiyo ule ulikuwa upungufu wa moldi kweli, umejificha nyuma ya kosa kubwa. Mstari wa karatasi mbili bado uko chini yake. Kwenye chopa halisi hiyo ni sentimita moja, kiasi ambacho mlango wa kusukuma uliochakaa huenda ukawa nacho, na mjenzi ameuacha hivyo.